Shauri la Fidia ya Kuumia Kazini Likifutwa Illinois kwa Kutofuatiliwa: Namna ya Kulizuia na Kulirudisha

Ukipokea barua au baruapepe kutoka Tume ya Fidia ya Wafanyakazi ya Illinois yenye maneno "Dismissed for Want of Prosecution", shauri lako limefutwa kwa sababu halikufuatiliwa. Andika tarehe uliyoipokea, tunza barua pamoja na bahasha yake, kisha nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya siku 60 hapa chini. Mengine utayasoma ukishampigia wakili simu.

Amri hiyo haisemi kwamba hukuumia, wala kwamba mwajiri ameshinda kwa ushahidi. Inasema shauri liliitwa, hakuna aliyeitika upande wako, na hapakuwa na ombi la kuahirisha lenye sababu ya kuridhisha. Mwamuzi hajasikia hata neno moja kuhusu mkono wako au mgongo wako. Ndiyo maana shauri la namna hii linaweza kurudishwa. Na ndiyo maana linauma sana likipotea moja kwa moja: mtu ananyimwa haki ambayo haikupimwa hata siku moja.

Tuone kinachopotea kwa hesabu. Mfanyakazi wa kiwanda cha nyama amekatwa na kisu kano za mkono, na wastani wa mshahara wake ulikuwa dola 900 kwa wiki. Kwa wiki zote ambazo daktari alimzuia kufanya kazi anastahili theluthi mbili ya mshahara, yaani dola 600 kila wiki. Akishapona kadiri ya kupona, kunabaki ulemavu wa kudumu. Sheria ya Illinois imeupa mkono mmoja, kwa maana ya sehemu ya kiganja ("hand"), wiki 205. Ikionekana amepoteza asilimia 10 ya matumizi ya mkono huo, hizo ni wiki 20.5, na kila wiki hulipwa kwa asilimia 60 ya mshahara, dola 540. Jumla ni dola 11,070, mbali na bili za hospitali na matibabu yatakayohitajika baadaye kwa ajili ya jeraha lilelile. Amri ya ukurasa mmoja inaweza kuyafuta yote hayo.

Nani anasukuma faili

Hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza, na si kwa uzembe. Aliyetoka Tanzania anaujua mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF, aliyetoka Kongo anaijua CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, aliyetoka Kenya anajua kwamba ripoti ya ajali inapelekwa kwa Mkurugenzi wa usalama na afya kazini. Kote huko kuna ofisi ya umma inayopokea taarifa, kuzipima na kukadiria malipo. Mtu akishajaza fomu anangoja aitwe.

Illinois si hivyo. Tume hukaa kama mahakama: inasikiliza pande mbili zinazobishana. Haitumi mtu kiwandani kuchunguza, haikusanyi karatasi zako za hospitali, haikupigii simu kukuuliza kama umepona. Anayelipa kwa kawaida ni mwajiri au kampuni yake ya bima, na hao wana wakili ambaye hana sababu yoyote ya kukukumbusha tarehe. Ukinyamaza, shauri linanyamaza. Likinyamaza muda mrefu, linafutwa.

Kuna kosa jingine linalofanana na hilo. Mtu ameumia, ameripoti kwa msimamizi, kampuni ya bima imempa namba ya dai, hundi zinakuja kila wiki, bili za daktari zinalipwa. Anaamini ana shauri. Kumbe namba aliyonayo ni ya kampuni ya bima tu, na Tume haijawahi kumsikia. Namba ya shauri la Tume huwa na mwaka, herufi WC katikati, kisha tarakimu za mfululizo, kwa mfano 22 WC 012345. Kama huna namba ya sura hiyo, huna shauri. Una mazungumzo na bima, na siku bima ikiamua kuacha kulipa, yatakuwa yamekwisha.

Shauri hufunguliwa kwa fomu iitwayo "Application for Adjustment of Claim". Kuifungua hakulipiwi ada. Muda wa mwisho ni miaka 3 tangu siku ya ajali, au miaka 2 tangu malipo ya fidia ya mwisho, ule unaochelewa kufika kati ya hiyo miwili. Kabla ya hapo kuna jambo la haraka zaidi: mwajiri anatakiwa apewe taarifa ya ajali ndani ya siku 45. Mpe kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, ubaki na nakala.

Neno moja kwa wanaoogopa. Sheria ya Illinois inamlinda mfanyakazi mgeni bila kujali karatasi zake za uhamiaji, na inamkataza mwajiri kumfukuza au kumsumbua mtu kwa sababu amedai fidia. Wapo wanaoacha mashauri yao yafe kwa kuhofia kwamba wakijitokeza mbele ya mwamuzi wataulizwa karatasi. Hofu hiyo imewagharimu watu fedha zao halali.

Mstari mwekundu wa miaka 3

Shauri likishafunguliwa hupangiwa mwamuzi, na hutajwa kila baada ya miezi 3. Siku ya kutajwa si siku ya kusikilizwa. Mwamuzi anapitia orodha ndefu ya mashauri na kuuliza yapi yako tayari. Kwa miaka 3 ya mwanzo, kama hakuna upande ulioomba jambo lolote, shauri husogezwa lenyewe hadi tarehe nyingine. Hakuna anayelazimika kufika, na hakuna barua ya kutisha inayotoka.

Utulivu huo ndio mtego. Mtu anazoea kwamba tarehe zinapita na hakuna kinachotokea, wakili naye ana mafaili mengine mia. Kisha shauri linatimiza miaka 3 tangu lifunguliwe, na kanuni zinageuka siku hiyohiyo. Mawakili wa Illinois huita hali hii kuwa juu ya mstari mwekundu. Kuanzia hapo mdai au wakili wake lazima awepo kila shauri linapotajwa. Shauri litapangiwa kusikilizwa isipokuwa kama kuna ombi la maandishi la kuahirisha, lenye sababu nzito, lililomfikia mwamuzi mapema kabla ya tarehe. Asipotokea mtu na hakuna ombi, linafutwa.

Usidhani kwamba chini ya miaka 3 uko salama kabisa. Upande wowote unaweza kuomba shauri lipangiwe siku ya kusikilizwa hata likiwa na mwaka mmoja. Likipangwa na wewe usipofika, linaweza kufutwa siku hiyo. Wakili wa mwajiri akihisi kwamba umehama au umekata tamaa, hii ni njia iliyo wazi kwake.

Sababu zinazokubalika kuahirisha shauri lililovuka mstari ni zile zinazoonyesha kazi inaendelea: upasuaji umepangwa na tarehe ipo, daktari bado anakutibu na hajasema umefikia mwisho wa kupona, ripoti ya daktari wa upande wa mwajiri bado haijatoka, au daktari wako amepangiwa siku ya kutoa ushahidi wake kwa kiapo. Ombi liambatane na karatasi: barua ya miadi, maelezo ya daktari ya ziara ya karibuni. "Bado tunazungumza na bima" ni sababu dhaifu. Mara ya kwanza inaweza kupita, mara ya tatu haitapita.

Kulinda shauri lisifutwe

Mambo ni machache, lakini lazima yafanyike kwa tarehe.

Tovuti ya Tume ina sehemu ya kutafuta mashauri kwa jina au namba. Ingia mwanzoni mwa kila mwezi. Angalia vitu vinne: shauri bado liko wazi, jina la mwamuzi, tarehe ijayo ya kutajwa, na jina la wakili aliyeandikwa upande wako. Piga picha ya ukurasa huo. Jaribu tahajia zote za jina lako, kwa sababu majina yetu hupinduliwa: jina la baba linakuwa la ukoo, herufi moja inadondoka, na mtu anatafuta jina ambalo halimo kwenye mfumo. Ukigundua jina limekosewa, liombee marekebisho mapema.

Kisha hesabu miaka 3 tangu siku ya kufungua shauri, si tangu siku ya ajali, na uandike tarehe hiyo mahali utakapoiona. Miezi 6 kabla ya hapo mwandikie wakili wako ujumbe mfupi: shauri litafika miaka 3 tarehe fulani, je, tunaomba siku ya kusikilizwa au tunaomba kuahirisha, na kwa sababu gani? Mwombe ajibu kwa maandishi. Wakili mzuri hatakasirika. Asipojibu kwa wiki 2, andika tena. Akinyamaza baada ya hapo, anza kutafuta mwingine. Ada ya wakili katika mashauri haya kwa kawaida haizidi asilimia 20 ya kinachopatikana, na ukibadilisha wakili, wa zamani na mpya hugawana humohumo, hulipi mara mbili. Wengi wanang'ang'ania wakili asiyewajibu kwa kuamini vinginevyo.

Anwani nayo huua mashauri. Watu wa viwanda vya nyama wanahama: leo Beardstown, mwakani Moline, baadaye jimbo jingine kabisa ambako shemeji amepata kazi nzuri. Namba ya simu inabadilika, baruapepe ilifunguliwa na mtoto na nywila imesahaulika. Ukihama, toa taarifa ya maandishi kwa wakili wako, na kama huna wakili, kwa Tume na kwa wakili wa mwajiri, ukitaja namba ya shauri. Kuijulisha posta hakutoshi, wala kumwambia karani wa kiwanda hakutoshi. Mpe wakili pia namba ya ndugu mmoja asiyehamahama.

Hali ya hatari kubwa ni wakili anapojitoa. Anaiomba Tume ruhusa, unapata barua ya Kiingereza yenye maneno mengi, unaiweka kabatini. Toka siku anapokubaliwa kujitoa, wewe ndiye wakili wako mwenyewe: barua zote zinakuja kwako, na siku ya kutajwa jina linaloitwa ni lako. Mawakili hujitoa zaidi shauri linapozeeka na kuonekana gumu, kwa hiyo mara nyingi barua hiyo hufika wakati mstari mwekundu uko karibu. Ukiipata, fanya mambo mawili wiki hiyohiyo: dai faili lako zima, na uangalie tarehe ijayo ya kutajwa.

Kuhusu kufika kwenyewe: siku hizi mashauri mengi hutajwa kwa njia ya Webex, programu ya mikutano ya video, na kiungo cha kila mwamuzi hupatikana kwenye tovuti ya Tume. Jaribu programu hiyo siku moja kabla. Ingia mapema kabla ya saa iliyotajwa, andika jina lako na namba ya shauri ili lionekane kwenye skrini, zima kipaza sauti, na ungoje uitwe hata kama ni saa nzima. Kwa siku ya kusikilizwa, ulizia mapema kama unatakiwa kwenda ana kwa ana na katika mji gani, maana waamuzi wa nje ya Chicago huzunguka miji kadhaa, na unaoishi wewe huenda usiwe huo.

Mkalimani naye apangwe mapema, na isemwe ni Kiswahili cha wapi. Mtu wa Fizi au Uvira, Kongo, na mkalimani wa Mombasa wataelewana mambo ya kawaida, lakini kwenye maelezo ya mashine, kamba ya kuning'inizia nyama na jina la maumivu, neno moja likikosewa ushahidi unageuka. Usimtumie mwanao.

Jambo la mwisho katika kulinda: usikose uchunguzi wa daktari aliyechaguliwa na mwajiri. Ukikataa bila sababu malipo yako yanasimamishwa hadi utakapokubali kupimwa, na ukiwa huna malipo wala daktari, shauri linaanza kulala. Upande mwingine ukikukatia malipo au matibabu ungali mgonjwa, wakili wako anaweza kuomba usikilizwaji wa haraka chini ya kifungu cha 19(b) cha sheria ya fidia ya Illinois. Mbali na kuleta fedha, ombi hilo linaonyesha baadaye kwamba ulikuwa unafuatilia.

Siku 60

Shauri likifutwa kwa kutofuatiliwa, kanuni za Tume zinakupa siku 60 tangu ulipopokea amri kuwasilisha ombi la kulirejesha. Hesabu kwa kalenda, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Amri iliyopokelewa tarehe 3 Machi ina mwisho tarehe 2 Mei. Kama una wakili kwenye kumbukumbu, siku huanza kuhesabiwa alipopokea yeye, hata kama alikuambia wiki 5 baadaye. Kwa hiyo usijipe siku 60. Jipe 10.

Hatua ya kwanza ni kujua kilichotokea siku shauri lilipofutwa. Tafuta amri yenyewe, tarehe yake, na jina la mwamuzi. Muulize wakili wako swali moja bila hasira: ulikuwepo? Kama hakuwepo, kwa nini, na ana karatasi gani ya kuthibitisha hilo?

Hatua ya pili wengi hawaijui: mpigie au mwandikie wakili wa mwajiri kumuuliza kama atapinga. Mara nyingi, hasa shauri likiwa limefutwa siku chache tu na mazungumzo ya malipo yalikuwa yakiendelea, hana pingamizi. Ombi lisilopingwa hupita kwa urahisi zaidi. Lakini usingoje jibu lake siku zikiisha. Wasilisha ombi huku ukingoja.

Ombi lenyewe liwe la maandishi, kwa Kiingereza, na lisiwe na mafumbo. Kanuni zinataka liseme kwa nini shauri lilifutwa, unategemea sababu gani kuomba lirejeshwe, na tarehe ambayo utafika mbele ya mwamuzi kuliwasilisha. Maombi yanayoanguka mapema huangukia hapo kwenye tarehe: watu huandika sababu nzuri kurasa tatu na kusahau kuweka siku ya kufika. Nakala lazima ipelekwe kwa upande wa pili wakati uleule unapowasilisha, na uwe na uthibitisho wa kuipeleka. Mawakili huwasilisha kupitia mfumo wa kielektroniki wa Tume uitwao CompFile. Asiye na wakili aende au apige simu kwenye ofisi ya Tume iliyo karibu, Chicago, Springfield, Peoria, Rockford au Collinsville, aulizie njia ya kuwasilisha, na asiondoke bila kitu kinachoonyesha tarehe ya kupokelewa.

Sasa sababu. Ombi husikilizwa na mwamuzi yuleyule aliyelifuta shauri, na kipimo chake ni uadilifu na haki kwa pande zote mbili. Mzigo wa kuthibitisha ni wako. Anataka kujua maswali matatu, hata asipoyataja: ulikuwa unafuatilia kabla ya hapo, kilichokuzuia siku hiyo ni kitu gani, na ulichukua hatua upesi kiasi gani ulipojua. Watu hutumia nguvu zote kwenye swali la pili na kuyaacha mengine mawili. Ombi linalosema "wakili alikosea kuandika tarehe" lina nguvu ndogo peke yake. Likiongezewa karatasi zinazoonyesha kwamba miezi miwili kabla yake daktari alitoa ushahidi, rekodi za hospitali ziliombwa, bima ilipelekewa hesabu ya madai, na ombi la kurejesha likawasilishwa siku 6 baada ya amri, hilo ni ombi la mtu anayefuatilia ambaye aliteleza mara moja.

Andaa kiapo chako cha maandishi na viambatanisho: karatasi za hospitali kama ulikuwa umelazwa siku ile, tiketi na mhuri wa pasipoti kama ulikwenda kwenye msiba nyumbani, mkataba wa nyumba unaoonyesha lini ulihama pamoja na ujumbe uliotuma kutoa anwani mpya, orodha ya simu na jumbe ulizompelekea wakili bila kujibiwa, ratiba ya matibabu yako yote tangu ajali. Kama barua ya Tume ilikwenda anwani ya zamani na hukuipata, sema hivyo waziwazi na uthibitishe, kwa sababu siku 60 zinahesabiwa tangu kupokea, na tarehe uliyoipokea kweli inaweza kuwa ndiyo inayokuokoa.

Yasiyosaidia: kwamba hukujua Kiingereza, ukaishia hapo, kwamba ulikuwa na shughuli nyingi, kwamba ulidhani bima itakutafuta. Yana ukweli wake kibinadamu, lakini hayaonyeshi hatua yoyote uliyochukua. Kama lugha ndiyo iliyokukwamisha, eleza ulimpelekea nani barua akusomee, lini, na alikuambia nini.

Wakili wa mwajiri anaweza kusema ucheleweshaji umemuumiza: shahidi ameacha kazi, video imefutika, kiwanda kimebadili mashine. Jibu kwa vitu. Ripoti ya ajali ipo na iliandikwa siku ileile, rekodi za daktari zipo, daktari wao alishakupima na ripoti yake wanayo.

Pande zote mbili lazima zifike siku ya kusikiliza ombi. Usipofika siku hiyo, basi umelimaliza mwenyewe. Na kabla neno la kwanza halijasemwa, omba mwandishi wa mwenendo awepo na anukuu kila kitu. Hili linaonekana dogo, hasa pale watu wote wanapozungumza kwa upole kwenye Webex, lakini bila mwenendo ulioandikwa hakuna cha kumwonyesha mtu wa juu ikiwa ombi litakataliwa.

Likikataliwa, una siku 30 tangu kupokea uamuzi kuomba mapitio mbele ya makamishna wa Tume, ambao huketi watatu. Nao wakikataa, muda wa kwenda mahakama ya mzunguko ni siku 20 tu. Mahakama huko haianzi upya. Huangalia kama Tume ilitumia vibaya hiari yake. Kwa maneno mengine, nafasi yako kubwa ni mbele ya mwamuzi wa kwanza, na ushahidi ambao hukuupeleka pale usitegemee kuupeleka baadaye.

Kama siku 60 zimepita

Hali ni ngumu. Siku hizo zikipita tangu kupokea, Tume haina tena mamlaka ya kulifufua shauri. Kilichobaki ni kuangalia milango mitatu, kwa haraka.

Wa kwanza ni tarehe ya kupokea. Ilipokelewa na nani, lini, kwa anwani gani? Wa pili ni kama muda wa kufungua shauri jipya bado upo. Kwa shauri lililofutwa kwa kuvuka mstari mwekundu, miaka 3 tangu ajali huwa imekwisha, lakini kama bima ilikulipa fidia siku za karibuni, ile miaka 2 tangu malipo ya mwisho inaweza kuwa haijatimia. Tafuta hundi ya mwisho na tarehe yake, na umpelekee wakili leo, si wiki ijayo. Usitegemee kwamba kufutwa kunakuongezea mwaka wa kufungua upya, kama watu wanavyosikia kuhusu kesi za kawaida za mahakamani.

Wa tatu ni wakili wako wa zamani, ikiwa ni uzembe wake uliokufikisha hapo. Dai la uzembe dhidi ya wakili Illinois lina muda wa miaka 2 tangu ulipojua au ulipopaswa kujua. Tume inayosimamia nidhamu ya mawakili, ARDC, hupokea malalamiko, lakini malalamiko hayo hayarudishi shauri wala hayasimamishi ile miaka 2.

Unayeishi ng'ambo moja ya mto na kufanya kazi ng'ambo nyingine

Kwa wanaokaa Moline au Rock Island na kuvuka Mississippi kwenda kazini Iowa, au kinyume chake, yote yaliyoandikwa hapa ni ya Illinois. Illinois inaweza kushughulikia ajali iliyotokea nje ya jimbo ikiwa mkataba wa kazi ulifungwa Illinois au kazi yenyewe ina makao yake hasa Illinois. Iowa ina sheria yake: taarifa kwa mwajiri ndani ya siku 90, na shauri ndani ya miaka 2 tangu kuumia, au miaka 3 tangu malipo ya mwisho ya kila wiki kama yalilipwa. Muulize wakili swali hili siku ya kwanza, kwa sababu shauri linaweza kulala Illinois huku muda wa Iowa ukiisha.

Likisharudishwa

Siku shauri linaporejeshwa, umri wake haurudi sifuri. Bado liko juu ya mstari mwekundu, litatajwa tena ndani ya miezi 3, na lazima uwepo wewe au wakili wako. Omba siku ya kusikilizwa mara moja ikiwa matibabu yamekwisha. Kama hayajakwisha, andaa ombi la kuahirisha la tarehe ijayo wiki hiyohiyo, likiwa na karatasi mpya ya daktari. Na mazungumzo ya malipo ya mkupuo yakianza, kumbuka kwamba mkataba wa malipo hauna nguvu mpaka Tume iuidhinishe. Hadi saini hiyo ipatikane, endelea kuhudhuria kila tarehe kana kwamba hakuna aliyekuahidi chochote.